Jumanne na Ijumaa za Mtaa wa Juu

Mwanangu Moraa,

Jua limetua, Sabato imekwisha, ndiyo nimeketi na kalamu. Wewe na baba yako mko Ekerenyo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi hatawaachilia kabla hamjala. Basi nina saa mbili, labda tatu. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko karibu na mlango. Nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu ilikataa, usinilaumu likionekana la kishamba huko Kitui.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza sentensi. Nina jambo moja tu, na nimelinyamazia tangu ulipokuwa mwaka wa tatu chuoni.

Juzi mezani baba yako alikuuliza kama huogopi kwenda kufanya kazi ya maji mahali pakavu vile. Ukasema, "Niogope nini? Mama aliandika mpango wa ukame wa mji huu peke yake. Nitauiga." Baba yako akacheka kwa fahari. Mimi nikainuka kwenda kuongeza mboga ambayo hakuna aliyeiomba.

Uliuona ule mpango ukutani ofisini kwangu, ulipokuja likizo. Ulisimama mbele yake ukasema ramani ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Sasa nataka ujue ilifanya nini, kwa sababu sitaki uende nayo kichwani kama kitu cha kuiga.

Unajua sisi ni watu wa mvua. Mtoto wa huku hukua akijua kwamba mchana ukipita lazima mawingu yaje, na ukianika nguo unatazama juu kila dakika. Ndiyo maana tulipoambiwa tuandae mpango wa ukame tulicheka. Lakini mwaka ule masika yalichelewa, kisha yakapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Majani ya chai yakawa mekundu kwenye ncha. Mto tunakochota maji ya mji ukaanza kuonyesha mawe ambayo sikuwahi kuyaona. Meneja akaniita akasema, "Madamu, wewe ndiye unayeujua ugavi wa maji wa mji huu. Wakubwa wanataka mpango. Andika."

Niliandika kwa bidii, Moraa. Nilitembea mji mzima na daftari. Niliuliza hospitali inatumia maji kiasi gani kwa siku, na shule za bweni, na soko, na kichinjio. Kwenye banio, ule ukuta mdogo unaozuia mto ili tupate kuchota, tulipaka alama tatu za rangi. Mto ukishuka hadi alama ya kwanza, tunawaomba watu wapunguze matumizi. Ukishuka hadi ya pili, tunawafungia wanaoosha magari na wanaomwagilia nyasi. Ukifika ya tatu, maji yanagawiwa kwa zamu. Nikaugawa mji sehemu nne, nikachora ramani, nikaitia rangi nne. Nyumbani kwetu pakawa samawati: Jumatatu na Alhamisi. Mtaa wa Juu nikaupaka manjano, nikaupa Jumanne na Ijumaa.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa ile ramani alikuwa Ondieki, fundi wetu wa mabomba. Unamkumbuka, yule mrefu asiyependa kuketi. Amefungua na kufunga koki za mji huu tangu kabla sijaajiriwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole chenye grisi juu ya manjano.

"Madamu, hapa maji haitafika."

"Kwa nini yasifike? Siku hiyo tunafunga sehemu nyingine."

"Tunafunga zote?"

Akaendelea kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto wa mwenzake.

"Mto ikiwa chini hivi tunatumia pampu moja. Pampu moja inasukuma mpaka kanisani, hapo inachoka. Ukitaka ifike juu, lazima ufunge huku chini kabisa. Ufunge hoteli, ufunge ofisi, ufunge zile nyumba za wakubwa. Siku nzima. Utawafungia?"

Nilimjibu kwamba nitamuuliza meneja. Nilikwenda kumuuliza siku hiyohiyo, na nakuambia hili ili usimfanye meneja kuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja.

"Ondieki anasema kweli," akasema. "Lakini nikifunga kule chini siku nzima, kabla ya saa sita nitakuwa nimeitwa. Na jioni koki zitakuwa zimefunguliwa, tufungue sisi au wafungue wenyewe."

"Basi Mtaa wa Juu tufanyeje?"

"Andika lori la maji. Tutaliomba."

Nikaandika lori la maji. Barua ya kwanza ya kuliomba ilijibiwa kwamba ombi letu limepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu nilikwenda nayo mwenyewe, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na mtu niliyekuja kumwona akapita mbele yangu mara mbili bila kujua mimi ni nani.

Nilirudi kwa meneja nikamwambia, "Lori halipo. Niondoe siku za Mtaa wa Juu kwenye ratiba, tuwaambie ukweli."

"Uache mtaa mzima bila siku? Karatasi hiyo itarudishwa kesho. Jaza, madamu. Mvua inaweza kunyesha kabla hatujafika alama ya tatu."

Nikajaza. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikaa pale mezani nikafikiri kwamba kweli mvua inaweza kunyesha, na kwamba nikikataa ataandika mwingine asiyejua hata hospitali inahitaji nini. Kila sababu niliyojipa ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilizikusanya sababu hizo mpaka zikatosha, kisha nikaandika Jumanne na Ijumaa kwa mwandiko wangu mzuri.

Sasa nikukumbushe Mtaa wa Juu ulikuwa nini kwetu. Kabla hatujahamia huku chini tulipanga chumba kule, wewe ukiwa na miaka miwili. Mlango wa pili alikaa Mong'ina Bosibori, bibi mzee na mjane, mwenye kuku weupe na sauti iliyojaza kanisa. Nilipopata kazi hii sikuwa na mtu wa kukuachia. Alikuchukua bila kuombwa. Ulikula kwake, ulilala usingizi wa mchana mgongoni mwake akipalilia mboga, na ulimwita magokoro kama nyanya wa damu. Nilipotaka kumlipa alisema mtoto halipiwi, analetwa tu.

Ukame ulipofika alama ya pili, chifu aliitisha baraza kule juu ili nieleze watu namna ya kuhifadhi maji. Nilisimama na karatasi zangu. Niliwaambia waoge kwa beseni, waoshe vyombo kwa maji kidogo, maji ya kufulia wayamwage kwenye mboga. Mong'ina Bosibori akainua mkono. Alisimama polepole, akishika bega la binti yake Kerubo.

"Mwanangu, unaniambia nipunguze," akasema. "Nimesikia. Nina ndoo moja kwa siku. Napikia, nakunywa, naosha uso. Maji ya uso nawapa kuku. Niambie nipunguze wapi."

Watu hawakucheka. Nikasema tunashukuru kwa maoni ya mama, na yatazingatiwa.

Watu walipokuwa wakitawanyika alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama alivyozoea. Chifu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, na meneja pia.

"Hii karatasi inasema tutapata Jumanne," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Weka mitungi tayari."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningeweza kumnong'oneza kwa Ekegusii, meneja si mtu wa huku, asingeelewa. Ningeweza kurudi kesho yake. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Alama ya tatu ilifika haraka. Jumanne ya kwanza Ondieki alifungua koki ya Mtaa wa Juu alfajiri, kama ratiba ilivyosema, na maji yakafika kanisani yakachoka, kama yeye alivyosema. Juu ya hapo mifereji ilitoa hewa. Kerubo aliniambia baadaye kwamba mama yake alipanga mitungi yake kwenye foleni kabla ya jua kuchomoza, akaketi kando yake na mwavuli kujikinga na jua mpaka saa kumi. Ijumaa akaenda tena. Jumanne iliyofuata akaenda tena. Wanawake vijana waliacha kwenda baada ya wiki ya pili. Yeye aliendelea.

Nilikuwa na gari la ofisi. Kutoka mezani kwangu hadi Mtaa wa Juu ni dakika kumi. Sikupanda hata Jumanne moja. Siku hizo nilipata kazi za ghafla za kwenda Keroka, au nilijifungia nikipanga mafaili. Watu wa kule walipopiga simu, msichana wa mapokezi aliwaambia presha iko chini, maneno niliyomfundisha mimi.

Hapa nyumbani Jumatatu na Alhamisi maji yalikuja. Tulijaza mapipa mawili na sufuria zote. Jumatano moja dhamiri ilinisumbua nikapakia mitungi miwili nikampelekea. Alinipokea kwa furaha nyingi. Akaniuliza, "Haya ndiyo ya Jumanne, yamechelewa tu njiani?" Sikujua kama anatania. Nilipotoka nje wanawake sita walikuwa wamesimama milangoni mwao wakiitazama ile mitungi. Walinisalimia kwa adabu, wakarudi ndani mmoja mmoja. Niliona aibu sana, Moraa, na aibu hiyo, badala ya kunirudisha kule na mitungi sita, ilinizuia kurudi kabisa.

Watu wa Mtaa wa Juu wakaanza kushuka kwenye chemchemi ya bondeni. Wewe hukuijua, ilikuwa imeachwa miaka mingi kwa sababu ya bomba. Zamani maji yake yalitokea kando ya njia, mtu aliinama tu akachota. Kisha wenye mashamba walipanda mikaratusi pande zote mbili, ile tunayoita bulugamu, na miti hiyo hunywa kuliko ng'ombe. Chemchemi ikashuka chini zaidi, penye udongo wa mfinyanzi na utelezi.

Siwezi kuwalaumu waliopanda. Hata sisi tuna yetu. Kule Manga, kwa nyanya yako, palikuwa na chemchemi chini ya shamba. Nilipoolewa ndipo nilipochota. Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Ulipozaliwa, mimi na baba yako tulishauriana tupande bulugamu pale, kwa kuwa ardhi ya maji haifai chai na miti inakua upesi. Nyanya yako alikuja akasimama akitutazama tukichimba mashimo. Alisema, "Hiyo miti itawasomesha watoto na itawanyima watoto." Tukaona ni maneno ya wazee. Miti ilikua. Tuliikata ulipoingia sekondari, ikachipua, tukaikata tena ulipoingia chuo. Shahada yako ya mambo ya maji imetoka kwenye ile miti iliyomaliza maji. Mwaka wa ukame baba yako alikwenda na panga na msumeno akakata yote, akachoma visiki kwa moto. Chemchemi haijarudi. Baadhi ya visiki vimeshachipua tena. Sikwambii haya ili ujisikie vibaya. Hatukujua, na tulipoambiwa hatukutaka kujua.

Jumatano moja, kiangazi kikiwa kikali, Mong'ina Bosibori alishuka kwenye ile chemchemi peke yake. Jana yake, Jumanne, alikuwa ameketi na mitungi mpaka saa kumi. Kerubo alikuwa amekwenda kuchuma chai kwa watu. Mong'ina alichukua kijerikeni cha lita tano, ndicho alichoweza. Akateleza pale penye mfinyanzi, nyonga ikavunjika. Ilikuwa asubuhi. Wanawake waliomkuta walishuka mchana. Wakati wote huo alikuwa amelala kando ya maji akiwasikia watu wakipita juu njiani, na sauti yake, ile iliyojaza kanisa, haikuwafikia.

Nilikwambia kwa simu kwamba magokoro ameanguka nyumbani, ni miguu ya uzee. Ulikuwa na mitihani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa siku ile. Mitihani iliisha na sikukwambia.

Mvua ilikuja yenyewe. Hakuna mpango ulioileta. Ilianza alasiri moja kwa upepo na mawe ya barafu yaliyopasua migomba, na baada ya wiki tatu alama zetu zote kwenye banio zilikuwa chini ya maji ya matope. Wakubwa walikuja kutembelea ofisi. Meneja akawaonyesha ramani yangu, akasema mji umevuka ukame bila hospitali kukosa maji siku hata moja. Ilikuwa kweli. Wakapiga makofi, mmoja akaipiga picha kwa simu yake. Ondieki alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Hakupiga makofi, wala hakunitazama kwa ubaya. Alitoka tu akaenda kazini.

Mong'ina alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, lakini nyonga haikuunga. Nilikwenda kumwona siku ya mvua kubwa. Nje, chini ya mabati, ndoo na mitungi yake yote ilikuwa imejaa na inamwagika, na hakuna aliyekuwa na haja nayo. Alikuwa amelala karibu na dirisha, amekuwa mdogo sana. Kerubo akanipikia chai, kisha akatuacha.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia, "Mama, ile siku ya baraza nilijua maji hayatapanda. Ondieki alikuwa ameniambia. Nilikudanganya."

Aliitazama mvua dirishani.

"Hata mimi nilijua," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Nimekaa kilima hiki tangu niolewe. Kila kiangazi maji ya bomba hukomea kanisani. Ni nani huku asiyejua?"

"Sasa mbona ulikuwa ukingoja, mama? Kila Jumanne, kila Ijumaa?"

Alinitazama kana kwamba swali lenyewe linamshangaza.

"Si ni wewe uliyeandika? Nilisema, huyu nimemlelea mtoto. Labda ameona njia ambayo sisi hatuioni. Hawezi kuniandikia siku ambayo haipo."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akinieleza tu, kwa sababu nilimuuliza. Kisha akauliza habari zako, unasoma mwaka wa ngapi, na kama bado unaogopa jogoo. Nikamjibu yote. Nikamsaidia kugeuka upande wa pili, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Sikuwahi kumwomba msamaha, kwa maana sikupata mahali pa kuuanzia.

Alifariki mwezi uliofuata. Ulikuja mazishini, ulilia ukanishikilia. Waliniomba niseme neno kama jirani wa zamani. Nilisema juu ya uimbaji wake na kuku wake, na jinsi alivyokulea. Kerubo, ambaye anajua kila kitu, alinishukuru mbele ya watu wote kwa maneno mazuri.

Sasa unaelewa kwa nini niliinuka mezani juzi.

Ukishika kazi huko, utakuta watu wengi kuliko maji. Utaambiwa ugawe, na utagawa, kwa sababu mtu lazima agawe. Nimetafuta tangu wakati ule nijue ningefanya nini tofauti hata maji yakapanda, na sijapata. Ningekataa kuandika, yasingepanda. Ningewafungia wa chini, wangefungua. Ningemwambia Mong'ina ukweli, huenda angeshuka bondeni mapema zaidi na kuteleza mapema zaidi. Hilo ndilo linalonichosha. Hata ukweli usingempa maji. Ungempa tu heshima ya kutoketi juani akinisubiri, na hicho kidogo ndicho nilichomnyima, kilichokuwa mkononi mwangu peke yangu.

Kwa hiyo sina mpango wa kukupa. Ninaloweza kukuomba ni dogo, na mimi mwenyewe lilinishinda: siku uliyowaandikia watu, nenda ukaketi nao kwenye foleni. Hutawaletea kitu. Nenda tu.

Wiki iliyopita Ondieki alinipigia kutoka kwenye banio. Mto umeanza kushuka tena, na majira bado. Meneja tuliye naye sasa amesema tusipoteze muda, tutoe ule mpango wa zamani kwa kuwa ulifanya kazi, tubadilishe mwaka tu. Nilimpelekea barua nyingine kuhusu kuwafungia wa chini siku moja. Imerudi mezani kwangu bila alama yoyote, sijui hata kama ilisomwa. Kerubo bado anakaa kule juu, mlango uleule, sasa ana mtoto mchanga. Alhamisi nilikutana naye sokoni akaniuliza kama mwaka huu watapewa siku. Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kuchagua nyanya, na mimi nikabaki nimesimama na kapu langu.

Nitaiweka barua hii juu kabisa kwenye sanduku, chini ya kamba. Ukiisoma njiani utakuwa mbali na mimi, na labda ni afadhali hivyo. Ukikasirika, kasirika, mwanangu. Alikuwa magokoro wako. Usinipigie simu kwa sababu ya adabu tu. Nipigie siku utakapokuwa na la kusema, hata likiwa kali, nami nitalipokea.

Mungu wa Mong'ina Bosibori aende nawe.

Mimi ni mama yako, niliyechelewa kukwambia.